Kiwanja Namba Arobaini na Saba

Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu
KIWANJA HIKI HAKIUZWI,
na herufi ya mwisho imechuruzika hadi chini
kana kwamba mwandishi aliitwa kabla hajamaliza.
Hapa ni Nkuhungu. Ng'ambo ya vumbi
ndipo ilipo cherehani yangu ya miguu.

Mwaka wa saba sasa, Chidawali na mdogo wake Lemanya
wanakipeleka kiwanja barazani na kukirudisha.
Kila mmoja ana hati.
Kila mmoja nimemshonea suruali ya kesi:
mkubwa nimemwachia kiuno,
mdogo nimempunguzia urefu.

Mvua za Desemba hazikuuliza hati.
Zilinyesha siku tatu, zikanyamaza, ndivyo zilivyo za kwetu,
na matope hayajakauka
mbigili ikatandaza mkeka wake,
mgagani ukasimama na sharubu zake,
kisha mchunga, mlenda wa pori,
na kishonanguo, ambacho kina jina la kazi yangu
ila hakijawahi kudaiwa kodi ya fremu.

Saa moja na nusu asubuhi wanafika.
Sijui watokako. Mbeleje wa genge anasema
kwenye tundu la nguzo, karibu na kituo cha mafuta.
Mumewe anabisha: ni wa mlimani.
Mimi najua saa zao tu.
Ua la mbigili hufunguka na jua, adhuhuri hujifunga
kama duka la mtu mwenye shamba,
nao wanalijua hilo bila kuambiwa.

Mmoja huingia ndani ya umanjano
usiozidi kifungo cha shati,
huzunguka, hutoka na unga mapajani,
huenda kwa jirani, wala hapigi hodi.
Wewe ukipita hapo na ndala utalia.
Yeye anaujua mwiba
tangu ungali ua.

Siku moja alivuka barabara, akaja kwangu.
Nilikuwa nimetandaza kitenge cha harusi,
maua makubwa, mekundu, ya kiwandani.
Akatua. Akatembea hatua nne juu ya petali.
Akaondoka.
Tangu siku hiyo nikimsifia mteja kitambaa
sauti yangu huwa ndogo.

Mwenyekiti wa mtaa alisema pori lile
linaficha nyoka na wezi.
Nyoka sikumwona.
Mwizi nilimwona, mmoja, akitoka upande wa pili
akiwa ameshonwa hadi magotini.

Mwezi wa tano hukumu ikatoka.
Sitasema nani alishinda, wote ni wateja wangu.
Greda lilikuja Jumanne.
Lilianza na ukuta wenye maandishi
na kabla chai yangu haijapoa
palikuwa pekundu, pamelala, kama kichwa kilichonyolewa kwa msiba.

Kesho yake, saa moja na nusu, nyuki walikuja.
Wakashuka hadi kimo kilekile
wakasimama hewani
mbele ya mlango ambao haupo.
Niliinua miguu kwenye pedeli,
nikasikia kitu ambacho miezi yote ile
nilidhani ni cherehani.

Alhamisi walikuja wachache.
Ijumaa, upepo tu.

Jumamosi aliyeshindwa akaleta suruali yake ya kesi.
Amekonda, ipunguzwe.
Jumatatu ile alikuwa ameingia kiwanjani peke yake,
akasimama katikati, mikono mifukoni;
nilimwona, nikajifanya natunga uzi.
Sasa nageuza mapindo:
vijiti vyeusi, kumi na kimoja mguu wa kulia,
wa kushoto sikuhesabu.
Vimeshona vizuri kuliko mimi.

Nyuma ya fremu pana mtaro,
na bomba linalovuja tangu Pasaka
ambalo hakuna aliyelipeleka barazani.
Nilikwenda pale na ile suruali.

Sikupanda kitu.
Mtu akiuliza,
nilikuwa nakung'uta nguo ya mteja.